Hii gari ya mbio ilitoka kwa nani hasa?

Kila anayekuja kuiona hii gari anaanza na injini. Anainama, anasoma 711M ubavuni mwa bloku, anasimama na kutangaza kwamba hii ni Ford Kent, kwa hiyo ni Formula Ford (daraja la mbio la gari za siti moja zenye injini ya Ford) ya miaka ya 70, kesi imefungwa. Mi nacheka tu. Kwenye gari ya mbio injini ndo kitu cha kwanza kubadilishwa, inapasuka, inauzwa, anaazimwa mwenzio wikiendi moja halafu hairudi tena, na bloku ya 711M ukiikuta humu inakwambia tu kwamba kuna mtu aliifungua hii gari miaka ya 70 au baadaye akaweka alichokuwa nacho. Basi.

Na ukishuka chini na tochi unaona visiki vya sapoti za zamani za injini, vimekatwa na grinda na kupakwa rangi juu, wala havijakaa usawa mmoja na sapoti za sasa. Kwa hiyo kulikuwa na injini nyingine kabla ya hii.

Kwa asiyeijua: ni gari ya siti moja, injini nyuma ya dereva, fremu ya mabomba membamba. Haina beji, haina bamba la chasisi, hata matundu ya ribiti pale bamba lingekaa hayapo. Pua ni ya faibaglasi na ni mpya kuliko gari lenyewe, mtoto tu anaona.

Utaratibu wangu ni huu, kitu kinachobadilishika kwa saa moja nakipa uzito mdogo, kitu ambacho ukitaka kukibadilisha inabidi ukate fremu nakipa uzito mkubwa. Kabureta, rimu, distribyuta, saa za dashibodi, vyote naviangalia lakini siviamini. Distribyuta ni ya Lucas, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari wa Uingereza, na Lucas walikuwa na tabia nzuri ya kugonga tarehe kwenye vitu vyao, ila distribyuta inafuata injini, kwa hiyo tarehe yake ni ya injini na sio ya gari.

Mabomba sasa. Mabomba hayadanganyi kirahisi. Nilikwangua rangi mpaka kwenye chuma tupu, nikaweka venia kalipa, bomba kubwa likasoma 25.4 na dogo 19.05. Yangekuwa yamenunuliwa Italia au Ujerumani ningesoma 25 na 20 au namba nyingine iliyonyooka, lakini hizi ni inchi moja kamili kwa kubwa na robo tatu ya inchi kwa dogo, na bolti za suspensheni ambazo hazijaguswa zina uzi wa UNF, yaani uzi wa vipimo vya inchi. Kwa hiyo aliyejenga alikuwa anafikiri kwa inchi. Hapo wengi wanarukia Uingereza moja kwa moja, mi nasema taratibu, Marekani walitumia inchi, Australia walitumia inchi na walijenga magari ya mbio mengi tu.

Kilichonisogeza upande wa Uingereza ni aprait za mbele, yaani vile vyuma vya wima vinavyoshika magurudumu. Ni zile za Triumph Herald, gari ya kawaida ya Kiingereza. Herald ilitoka 1959, kwa hiyo kama hizi ndo aprait za mwanzo (na mikono ya suspensheni inaonekana imetengenezwa kwa ajili yake, sio imelazimishwa) basi gari haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Shida ni kwamba hizo aprait zilikuwa nyepesi, rahisi na zinapatikana, basi kila mtu alizinunua, wakubwa kwa wadogo, na zilisafiri mpaka nje. Ndo maana nasema zimenisogeza, hazijanifikisha.

Upande wa pili wa kalenda nina rolbaa, lile bomba la kumkinga dereva gari ikipinduka. Fremu nzima imeungwa kwa gesi na fimbo za brasi, viungo vina ule unjano na vimelala laini, yaani fundi alikuwa na mkono mtulivu sana. Rolbaa imechomelewa kwa umeme, na haraka, ina matone kila mahali. Ililetwa baadaye na mtu mwingine kabisa. Formula 1 ililazimisha rolbaa mwaka 1961, na gari iliyochorwa bila kufikiria rolbaa kabisa inanipa hisia ya mtu aliyekaa kuchora kabla ya hapo au pale pale mpakani. Sio ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini ukiuweka pamoja na zile aprait unapata kadirisha kembamba, 1959 hadi 1961 hivi.

Na hicho ndo kipindi cha Formula Junior, daraja la mbio la gari ndogo za siti moja. Wazo la Mtaliano Giovanni Lurani, lilianza Italia 1958, likawa la kimataifa 1959 na likaisha 1963. Injini lazima itoke kwenye gari ya kawaida ya barabarani, ukiwa na cc 1000 gari isipungue kilo 360, ukienda mpaka 1100 isipungue kilo 400. Watu wakaweka Fiat 1100, Ford 105E ya Anglia, BMC ya A-series, hata DKW ya mipigo miwili. Kwa sababu gharama ilikuwa ya kibinadamu, kila mwenye gereji na mtungi wa gesi akajiona naye ni kiwanda. Zikajengwa gari tele, nyingine moja tu, nyingine mbili tatu halafu hela ikaisha. Humo ndo naitafuta hii yangu.

Rafiki yangu mmoja hataki kusikia. Alipima kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma akapata milimita 2286, akaingia kwenye simu, akarudi anapiga kelele, kaka hii ni Lotus 18, vipimo vilevile! Ni kweli Lotus 18 ina inchi 90, na 2286 ni inchi 90 kamili. Ila inchi 90 ni namba ya duara, mtu yeyote mwenye penseli na rula ya inchi angeweza kuichagua. Nikamwambia twende nyuma. Lotus 18 haina mkono wa juu wa suspensheni kule nyuma, drivushafti yenyewe (ile shafti inayozungusha gurudumu) ndo inafanya kazi ya mkono wa juu, Chapman, mwenye Lotus, alipenda kitu kimoja kibebe kazi mbili. Hii yetu ina mikono ya juu kabisa, na masikio yake yamebrasiwa kwenye fremu tangu mwanzo, brasi ileile, mkono uleule. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi ni Cooper. Cooper nao walijulikana kwa kupinda mabomba ya fremu zao, humu hamna bomba hata moja lililopindwa isipokuwa ile rolbaa ya mgeni.

Namwelewa lakini. Gari ikiwa Lotus ina thamani moja, ikiwa ya fulani asiyejulikana ina thamani nyingine kabisa, na kuna watu wako tayari kukugongea bamba zuri la chasisi ukaambiwa usiulize sana. Na sio jambo la leo. Enzi hizo timu zilizovuka mipaka zilikuwa zinahamisha bamba kutoka gari hadi gari ili lifanane na karatasi za forodha, kwa hiyo hata bamba halisi la enzi hizo linaweza kuwa limekaa kwenye gari isiyo yake. Hata ile pasipoti ya magari ya kihistoria, HTP, ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), inaeleza gari lilivyo kiufundi ili liruhusiwe kushindana, haikuthibitishii kwamba gari ni lenyewe. Kwa hiyo kukosa bamba kumbe kumeniepusha na mengi.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mbele, kwenye sapoti ya pedali, kuna tundu lililotobolewa pasipo pake. Fundi aliliziba kwa brasi, akalisawazisha na tupa (mistari ya tupa bado inaonekana ukiinamisha tochi), halafu akatoboa lingine milimita chache pembeni. Hakuna atakayeiga hilo, hakuna mwenye kutengeneza feki atakayekumbuka kukosea hapo. Nikipata fremu nyingine yenye brasi hii laini na sapoti ya umbo hili, ntakuwa nimempata mtu mwenyewe, awe na jina au asiwe nalo.

Na kuna namba 3. Imegongwa kwa muhuri wa chuma upande wa ndani wa paneli ya aluminiamu nyuma ya siti, na imegongwa tena, 3 ileile, kwenye ukingo wa dashibodi. Anayejenga gari moja tu uani kwake haweki namba kwenye paneli, za nini? Namba unaweka pale paneli zinapoweza kuchanganyikana. Mi naisoma kwamba zilikuwepo angalau tatu, ingawa yule rafiki yangu anasema labda ni namba ya paneli na sio ya gari. Jibu rahisi, paneli mbili tofauti zisingebeba namba moja. Hapo hajanijibu mpaka leo.

Kwa hiyo sasa nimeacha kutazama picha za gari zikiwa zinakimbia, nazo ndo nyingi, bodi imefunika kila kitu. Natafuta picha za pembeni ya uwanja, gari imevuliwa bodi, mafundi wamechuchumaa, maana humo ndo unaona bomba la mshazari la sehemu ya injini limeegemea upande gani. Langu linapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu na lina kipande kidogo cha pembetatu kwenye kona ya juu.

Sakafu bado sijaing'oa. Ina ribiti mpya zilizopigwa kwenye matundu ya zamani, kwa hiyo kuna mtu alishaitoa akairudisha. Kama ile 3 ipo na kwenye sakafu pia, rafiki yangu ataninunulia venia mpya, tumeshakubaliana.