Nilivyozima kelele za leza kwa kuchelewesha

Miezi miwili nilihangaika na kelele za leza za LISA, za kuigiza tu ndani ya kompyuta mpakato, kwenye chumba cha kupanga hapa Dodoma.

LISA ni mradi wa Shirika la Anga la Ulaya, unaotarajiwa kurushwa mwaka 2035. Vyombo vitatu vitalizunguka Jua vikiwa vimepangana pembetatu, kila upande kilomita milioni 2.5, vikisaka mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko inayonyoosha na kubana anga lenyewe. Mtikisiko unaotafutwa ni mdogo kuliko atomu, na leza yenyewe huyumba kupita mtikisiko huo mara nyingi mno; myumbo huo ndio kelele ninazozisema. LIGO, kituo cha Marekani kinachosaka mawimbi hayohayo kutoka ardhini, ina mikono miwili ya kilomita 4 iliyo sawa, hivyo mwanga ukirudi na kukutana, myumbo hujifuta. Angani pande hazilingani, na tena hubadilika kila siku. Nilipotoa ishara ya upande mmoja kwenye ya upande mwingine, kelele zilibaki palepale.

Jumapili moja kwaya ya jirani ilifunga spika mbili, moja karibu na dirisha langu, nyingine ng'ambo ya korongo. Wimbo mmoja ukawa unanifikia mara mbili. Nikawaza: ile ya karibu ikicheleweshwa kidogo, zitaimba pamoja. Ndipo nikaielewa kanuni niliyokuwa nimeisoma bila kuishika. Ishara ya kila upande unaichelewesha kwa muda ambao mwanga hutumia kwenda na kurudi upande wa pili, unaitoa ile isiyocheleweshwa, kisha unatafuta tofauti ya pande zote mbili. Nilifanya hesabu hiyo kwa kalamu: myumbo wote unakatika, unabaki sifuri.

Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, haukukatika. Zilibaki kelele za kutosha kufunika kila kitu, nikalala na hasira. Kosa lilikuwa dogo: vipimo vyangu vilikuwa vinne kwa sekunde, lakini safari ile huchukua kama sekunde 16.7, muda usioangukia juu ya kipimo chochote. Mimi nilikuwa nakadiria thamani ya katikati kwa mstari mnyoofu. Nilipohamia njia ya Lagrange, inayotumia vipimo vingi vya jirani kwa pamoja, kelele zikaporomoka.

Nilikuwa nimeficha humo wimbi la mfano wa HM Cancri, nyota mbili kibete nyeupe (masalia ya nyota zilizokufa) zinazozungukana kila dakika 5.4. Nililikuza kuliko lilivyo kweli, maana data yangu ilikuwa ya siku chache tu. Saa nane usiku mstari wake ulisimama kwenye grafu, mwembamba, pale pale pa dakika 2.7, kwani kila mzunguko mmoja hutoa mawimbi mawili. Nikamwamsha mdogo wangu aje kuuona.