Mgeni akiacha kupiga picha: siku moja jikoni Paje

Mpishi wa bara Kenya akifika Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar, miezi mitatu ya mwanzo huenda kwa picha: mchanga, ngalawa, jua linapochomoza. Kufika mwezi wa sita au wa saba simu inabaki mfukoni, na wengi wanaorudi kwao hurudi wakati huo. Ukiwauliza sababu, watakwambia wamechoka tu. Uchovu huo una vipande vyake ndani ya siku, na kila kipande kina namna yake ya kushikwa. Siku hii ni yangu mwenyewe, mpishi wa hoteli kutoka Kenya, ya Novemba, wakati wa vuli, mwezi umeandama juzi.

Saa 10:45 alfajiri

Adhana inaniamsha, kisha naoga kwa maji ya kisima. Maji yana chumvi. Paje imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua hupenya upesi, na chini yake yapo maji ya bahari, kwa hiyo pampu ikivuta kwa muda mrefu chumvi hupanda. Sabuni ya kipande haitoi povu, chai inageuka ladha, birika linajenga ukoko mweupe. Ukoko huo hutoka kwa ndimu mbili na maji, yachemke, yaachwe nusu saa. Maji ya chai na ya kukandia unga yawe ya kununua. Anayejibana hapo hukosa hamu ya chai yake mwenyewe, na chai ndiyo kitu cha mwisho kinachomkumbusha kwao.

Saa 11:30

Unga kilo 3 wa maandazi unatoka kwenye friji. Kwenye baridi ya Nakuru unga huu hukaa saa mbili ndipo uumuke. Hapa saa moja tu unafurika na kuchacha. Basi hamira napunguza nusu, na maji natia kidogo kidogo, kwani gunia likikaa wazi unga unakuwa umeshanywa unyevu wa hewa. Hiliki naitwanga asubuhi hiyo hiyo. Tui linachukua nafasi ya maziwa.

Saa hii ndipo lugha inapouma. Unadhani Kiswahili unacho, kisha unaambiwa "niletee mbatata na tungule" unabaki umesimama. Mbatata ni viazi, tungule ni nyanya, boflo ni mkate. Maneno hayo utayajua ndani ya wiki mbili. Kinachochukua miezi ni namna ya kusema. Kule kwetu "nipe kisu" ni maneno ya kawaida kabisa kati ya watu wanaopendana. Hapa yanasikika kama umekasirika. Husemwa "naomba kisu", tena baada ya kuulizana umeamkaje na watu wa nyumbani hawajambo. Hakuna atakayekukosoa, kwa sababu kumkosoa mgeni ni aibu. Wataanza tu kukunyamazia, na wewe utafikiri wanakuchukia. Naamini kimya hicho kimewarudisha kwao watu wengi kuliko mshahara.

Saa 1 hadi saa 4 ni kifungua kinywa cha wageni 36. Mayai, nanasi, papai, mbio.

Saa 4:45

Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hutoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, mwamba ukabaki wazi, ndipo pweza hupatikana. Maji hayakai saa moja, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Mpishi asiyejua kuhesabu hivyo ataandika pweza kwenye menyu siku ambayo pweza hawapatikani. Leo kina mama wamerudi mwambani na michokoo yao, fimbo za kuvulia pweza. Anayetuuzia ni mtu mzima, na bei haianzi kabla ya salamu.

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"
"Salama, alhamdulillahi. Bahari imetoa?"
"Imetoa kidogo. Njoo utazame."

Chini ya nusu kilo sinunui, hao bado wadogo. Nachukua kilo 6, nikijua zikiiva zitabaki kama 3. Kichwa kinageuzwa ndani nje, wino na matumbo yanatoka, mdomo unakatwa, kisha anaingia kwenye friza hadi kesho. Barafu hulainisha nyama yake. Anachemshwa kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, dakika 45 hadi 60, bila chumvi. Moto mkali humfanya awe kama mpira.

Saa 6 mchana

Wa jana ndiye anayepikwa leo. Nazi nne zinakunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwenye kifumbu: tui zito mbali, jepesi mbali. Jepesi linachemka na vitunguu, tungule na bizari. Zito linaingia mwisho, sufuria wazi, mwiko hauachi kuzunguka. Ukifunika, tui linakatika, na halirudi.

Saa 7:20

Umeme umekatika. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba, kisiwani. Waya mkubwa, wa megawati 100, ulizinduliwa 2013. Wenyeji walioishi bila umeme kwa miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawashtuki. Mimi nafunga milango: friji isiyofunguliwa hushika baridi saa nne, friza iliyojaa hata siku mbili. Plagi zinachomolewa, kwani umeme unaporudi kwa kishindo ndipo mashine zinapoungua.

Saa 9 alasiri

Mapumziko. Wenzangu wanakwenda kuswali, nami napitia karatasi zangu. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kutumika Julai 2010, lakini Mkenya bado anahitaji kibali cha ukaazi daraja B, cha walioajiriwa, nacho kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukibadilisha hoteli, unaanza upya. Anza kuhuisha miezi mitatu kabla hakijaisha. Na kabla ya kufurahia mshahara wa shilingi laki saba za Tanzania, ugeuze uwe shilingi za Kenya, utoe ada ya kutuma nyumbani, kisha utoe Aprili na Mei, maana masika ikishuka hoteli nyingi hufunga na wafanyakazi wengi hukaa bila malipo. Waliopiga hesabu hiyo mwezi wa kwanza nimewaona wakikaa.

Saa 1:30 usiku

Umeme umerudi tangu magharibi, wageni wanakula. Naangalia friza kwanza: barafu haijayeyuka.

Saa 3:45

Nakanda unga wa kesho. Mwenzangu wa zamu anachungulia beseni, anaongeza hiliki bila kuuliza, kisha anasema kesho maji yatatoka saa tano u nusu, nisimngoje bibi mapema.