Ubao wa "Siku Kama ya Leo": kumbukumbu za Juni hadi Agosti

Wiki ya kwanza, kuanzia 2 Juni 2025

Ubao umeshakaa nje. Ni kipande cha plaiwudi kilichobaki fundi alipomaliza kaunta. Nimekipaka rangi nyeusi mara mbili na kukiegemeza mlangoni mwa steshenari yangu, hapa Moshi, hatua chache kutoka stendi. Kila asubuhi, kabla sijawasha mashine ya fotokopi, naandika kwa chaki jambo moja lililotokea tarehe kama ya leo. Nimejipa wiki 13, mpaka Agosti iishe. Huko Ulaya wiki hizi watu wanaota jua. Sisi huku tuko kwenye masweta, mlima umejifunika, na mteja akisimama kusoma, mikono iko mifukoni.

Nimejiwekea sheria mbili. Tarehe iwe kamili: siku, mwezi na mwaka. Na maandishi yasizidi mistari mitano, maana watu wanawahi gari.

Nilianza vibaya. Jumatatu niliandika kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, 2 Juni 1953. Dereva wa bajaji akaegesha mbele ya ubao, akauziba hadi mchana, wala hakuna aliyelalamika. Ijumaa nikajaribu jambo la jirani: 6 Juni 1967, Kampala, Tanzania, Kenya na Uganda zinatia saini mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, makao makuu Arusha. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho alisoma, akaniuliza, "Na ilivyokufa umeandika?" Sikuwa nimeandika. Akanieleza kwamba jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, baba yake alikuwa na mzigo Taveta. Ng'ambo tu hapo. Haukurudi.

Nikaongeza mstari wa sita. Sheria ya pili haikumaliza hata wiki.

Wiki ya tatu

Manyunyu yanafuta chaki. Nimenunua nailoni kwa mtu wa vitalu vya miche, naishusha kama pazia mvua ikianza.

Jumatatu 16 Juni ilikuwa Soweto, 1976. Serikali ya makaburu ilitaka masomo kadhaa yafundishwe kwa Kiafrikana, wanafunzi wakaandamana, polisi wakawapiga risasi. Niliandika jina la Hector Pieterson na umri wake: miaka 12. Wanafunzi waliokuwa wanasubiri kopi za mitihani walisoma kwa sauti. Msichana mmoja akamgeukia mwenzake, "Kama wewe." Basi, wakaendelea na habari zao. Mimi ndiye niliyebaki na yale maneno mawili mpaka jioni.

Wiki ya nne

25 Juni: Msumbiji imetimiza miaka 50 ya uhuru. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, ilizaliwa Dar es Salaam 25 Juni 1962, na nchi ikawa huru 25 Juni 1975, miaka 13 kamili. Siku nyingine zote za wiki niliziba tu pengo.

Wiki ya tano: aibu ya mlima

Hii niieleze kwa kirefu kwa sababu kosa ni langu.

Jumanne 1 Julai niliandika Mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa 1890. Ndio uliofanya Zanzibar iwe chini ya Uingereza, na Ujerumani ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Kupendezesha ubao, nikaongeza ile hadithi tuliyokua nayo: Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Ubao ukajaa watu. Kijana anayepandisha wageni mlimani akapiga picha, akasema, "Mangi, hapo umetisha."

Usiku nikiwa natafuta tarehe za wiki inayofuata nikakutana na hesabu isiyokubali. Mstari wa mpaka unaoupitisha mlima upande wa Wajerumani ulikubaliwa Novemba 1886. Wilhelm akawa Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani, 15 Juni 1888. Mlima uligawiwa akiwa bado anasubiri babu yake na baba yake watangulie. Na sababu ya mpaka kupinda wala haina keki ndani yake: mwaka 1885 Carl Jühlke, wakala wa kampuni ya Wajerumani, alishafika huku na kutia saini mkataba na Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi, na Waingereza nao walitaka Mombasa ibaki kwao. Walichora wakikwepa madai ya kila mmoja.

Asubuhi nikafuta na kuandika sahihisho. Yule kijana alipopita alisimama muda mrefu. "Sasa tipu yangu?" Nikamwambia awaeleze wageni habari ya Mangi Rindi. Akasema ngoja nione kama inalipa.

Jumatano ile ile, 2 Julai, ilikuwa miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Patrice Lumumba. Ilistahili ubao mzima. Ilipata kona chini ya sahihisho. Naomba radhi kwake.

Wiki ya sita

Saba Saba duka limefungwa, lakini ubao niliuandika Jumapili jioni, nikajaza kona hadi kona. 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam. 7 Julai 2000 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ulianza kufanya kazi, nayo imerudi Arusha. Na tangu 2022 tarehe hii ni Siku ya Kiswahili Duniani, baada ya UNESCO kuipitisha Novemba 2021. Yule mama wa mzigo wa Taveta nilitamani aione, hakupita.

Wiki ya saba

17 Julai 1959, Ijumaa. Louis Leakey amelala kambini ana mafua, mkewe Mary anatoka kutembea bondeni Oldupai na kuona mfupa na meno vimechomoza ardhini. Fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa miaka milioni 1.75 hivi iliyopita. Nimependa kwamba kiumbe aliyekufa zamani kiasi hicho ana Ijumaa yake kwa sababu ya mafua ya mtu. Niliandika pia kwamba Oldupai ni jina la Kimasai la mkonge wa porini. Hapo wateja wawili wakabishana kuhusu matamshi, wakaondoka bila kutoa kopi.

Wiki ya nane

Jumamosi jioni niliacha ubao wa Jumapili: 20 Julai 1969, mtu wa kwanza akanyaga mwezi. Jumatatu, kabla sijafuta, akaja mwalimu mstaafu ambaye huwa namchapia barua za kufuatilia mafao yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii tarehe umeitoa wapi?"

Nikamwambia, mtandaoni.

"Mimi habari hii niliisikia redioni asubuhi najiandaa kwenda shule. Shule haiendi Jumapili."

Tukakaa na kalamu. Chombo kilitua kwetu ikiwa saa 5 na dakika 17 usiku wa Jumapili. Lakini Armstrong hakuteremka papo hapo. Mguu ulikanyaga saa 12 kasoro dakika 4 alfajiri, Jumatatu tarehe 21. Kule Marekani ndiko ilikokuwa Jumapili usiku bado. Mwalimu akaongeza kwamba kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapozama, hivyo hata kule kutua kulikuwa usiku wa Jumatatu. "Kwa hiyo wewe umekosea mara mbili," akasema, akiwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona.

Nimeongeza sheria ya tatu: tarehe zote ni kwa saa za hapa. Nikairudia Hiroshima niliyoiandaa: saa 2 na robo asubuhi kwao, saa 8 na robo usiku kwetu, tarehe 6 Agosti ile ile. Hiyo imepona.

Wiki ya tisa: tarehe isiyokuwepo

Nilitaka Maji Maji. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mwishoni mwa Julai. Sheria yangu ya kwanza inataka siku, na waliong'oa miche hawakuwa na kalenda ukutani. Lakini kunyongwa kwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Maji Maji, kuna tarehe, 4 Agosti 1905, kwa sababu aliyenyonga ndiye aliyekuwa na daftari. Ni kama Mangi Meli wetu, naye alinyongwa na Wajerumani, 2 Machi 1900. Machi iko nje ya wiki zangu, na imeniuma.

Nilikaa na chaki mkononi dakika kadhaa. Nikaandika: "Siku moja ya wiki hizi, 1905, Nandete. Miche ya pamba iling'olewa." Bila tarehe. Nimeuacha ubao huo siku tatu mfululizo.

Alhamisi 31 Julai nikabadilisha hewa: Moscow, 1980, Filbert Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa kasi ya kutisha, akavumilia mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Fedha, dakika 8 sekunde 12.48. Kesho yake, 1 Agosti, Suleiman Nyambui naye akachukua fedha mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka leo hizo ndizo medali zetu zote za Olimpiki. Kondakta wa gari la Karatu alisoma jina la Bayi, akaanza kuwaita abiria wake waje waone: "Huyu ni wa kwetu! Karatu! Someni!" Gari likachelewa kuondoka.

Wiki ya kumi

Jumatatu 4 Agosti ilinishinda. Kinjikitile, 1905. Uingereza kuingia vitani na Ujerumani, 1914. Idi Amin kutangaza kuwafukuza Waasia Uganda, 1972, akiwapa siku 90. Na Arusha, 1993: Rais Habyarimana na Alexis Kanyarengwe wa waasi wa RPF wakitia saini mkataba wa amani ya Rwanda. Niliandika la Kinjikitile na la Arusha. Mwalimu akasoma, akauliza kwa sauti ya chini, "Miezi mingapi hapo?" Minane. Aprili 1994 ndege ya Habyarimana ilitunguliwa akirudi kutoka Dar es Salaam, na mauaji yakaanza.

7 Agosti: mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani, watu 11 Dar es Salaam, zaidi ya 200 Nairobi. Niliandika namba tu. Watu walisoma na kupita.

Nane Nane nilikwenda viwanja vya Themi, Njiro, na ubao ukapumzika. Nimerudi na miche miwili ya parachichi na vumbi la kutosha.

Wiki ya kumi na moja

15 Agosti 1914 askari wa Kijerumani walivuka na kuiteka Taveta. Ukishapita Himo na Holili, umefika. Nikamkumbuka tena yule mama. Safari hii alipita, amebeba ndizi, akasoma, akacheka: "Taveta hiyo hiyo? Basi ina nuksi na mali za watu."

Wiki ya kumi na tatu

27 Agosti 1896, vita vya Zanzibar na Uingereza. Mizinga ilianza saa 3 na dakika 2 asubuhi, ikanyamaza saa 3 na dakika 40. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Vijana wa bodaboda wanaipenda kwa sababu ni fupi kuliko kipindi cha kwanza cha mpira. Nikawaongezea mstari: watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kicheko kikapungua.

28 Agosti 2000, Arusha tena, miaka 25 kamili: Mkataba wa Burundi. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mazungumzo tangu 1998, akafariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, Mandela akaipokea. Pande 19 zilihusika, Rais Buyoya akiwemo, na Rais Clinton alikuwepo. Binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa anauza magazeti Arusha, anasema alishinda amezuiwa upande mmoja wa barabara na magazeti yake yote, habari kubwa ikiwa upande wa pili.

Jumapili, 31 Agosti

Leo nilipaswa kuuingiza ubao ndani. Lakini 4 Agosti ile haijaniachia. Nimeangalia mbele na kukuta Jumanne ijayo, 2 Septemba: mwaka 1998, palepale Arusha, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Nimefungua mkebe. Kuna chaki nne, moja imekatika. Jumanne nitaandika.