Meza moja, watu wawili, ndani ya VR

Jamani kubeba meza na mwenzako ndani ya VR (ule ulimwengu wa kompyuta unaouona kwa miwani maalumu) ni shughuli, maana meza haina uzito, husikii mwenzako anavuta upande gani, kwahiyo programu ndo inabidi iamue nani asikilizwe. Nyingi zinampa umiliki aliyewahi kushika, wewe unabaki umeshika hewa, mi hiyo siipendi kabisa. Zingine zinachukua wastani wa mikono yenu. Ila iliyonikosha ni ya watafiti wa Ujerumani, ya 2006 huko: kila mtu ana mwale wake wa kushikia (mstari kama wa tochi unaotoka mkononi), mkivutana unapinda, ukiuona tu umepinda unajua mwenzio anaelekea kwingine, unalegeza (au unakomaa, kama mshkaji wangu). Sasa kama kila mtu yuko kwake, intaneti ikisuasua, meza inarukaruka balaa.