Mama na Chai ya Caerhays

Mama alikuwa ameshachuma kabla sijawahi kumkataza. Majani mawili na chipukizi, kwa kidole gumba na cha shahada, kisha mkono ukarushwa nyuma ya bega kutafuta kapu ambalo halikuwepo.

"Mama, hapa hawachumi!"

"Kwani hii si chai?"

Ilikuwa Aprili 2017. Alikuja kunitembelea Plymouth, Uingereza, ninakofanya kazi ya uuguzi, na siku yangu ya mapumziko nikampeleka Caerhays, huko Cornwall. Ni jumba lenye sura ya ngome, linatazama bahari, na mchoraji wake ni John Nash, yule yule aliyelipanua jumba la Buckingham. Mama alilitazama mara moja tu. "Nani anafagia?" Basi, yakaishia hapo.

Kilichomsimamisha ni bustani, mlimani nyuma ya jumba. Kwanza magnolia, matawi hayajatoa hata jani, maua yake makubwa kama sahani. Kisha kamelia, vichaka vilivyompita kimo, majani ya kijani kizito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na kingo zake zina meno madogo madogo. Chini, maua ya pinki yalikuwa yameanguka mazima mazima, yakitazama juu. Mama alitembea akiyakwepa kama mtu aliyeingia uani penye vifaranga.

Mtunza bustani mmoja alikuwa amepiga magoti karibu yetu, na bila shaka alituona. Kwa aibu nikamweleza kwamba mama yangu ni mkulima wa chai kutoka Rungwe. Akacheka, akasema mama hajakosea sana: kamelia na chai ni ndugu wa damu. Mwenye jumba wa zamani, J. C. Williams, aligharamia safari za George Forrest kusaka mimea Yunnan, China. Katika miaka ya 1920 Williams akapandanisha kamelia ya huko na ile ya Japani, na aina iliyopatikana inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Sifa yake mojawapo ni kudondosha maua yaliyochoka, yasiozee mtini.

Nilimtafsiria Mama. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kiganja kiunoni.

"Mwambie kwetu inaishia hapa. Chai ikitoa ua, ujue mwenye shamba mvivu."

Hilo nililitafsiri nusu. Mama akamshukuru mwenyewe, "Ndaga fijo," na mzee wa watu akainua kofia. Lakini hatukuondoka. Miaka yote ile ya kupogoa na kuchuma asubuhi zenye ukungu, hakuwahi kuiacha chai yake ikue ipendavyo. Alisimama pale ameinua shingo, mikono nyuma, muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuwaza ada ya maegesho.

Nyumbani akafungua leso. Hayakuwa majani matatu. Alikuwa ameendelea kuchuma nikiwa nimempa mgongo. Akayatandaza juu ya gazeti karibu na hita yalale hapo. Kesho yake akayafikicha kwa viganja, akayanusa, akayamiminia maji ya moto.

Akaonja.

"Maji haya," alisema, akamwaga kwenye sinki. "Hebu chemsha ile yako ya pakiti."