Farasi Wanaopotelea Njiani

Kila mara Subaru Impreza WRX STI au Mitsubishi Lancer Evolution, magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, inapopandishwa kwenye rola za kupimia nguvu, hesabu ileile hufuata: mwenye gari huchukua namba iliyosomwa kwenye magurudumu, huigawanya kwa 0.75, kisha hutangaza kwamba hiyo ndiyo nguvu ya injini yake. Kanuni anayoifuata husema kuwa gari linalosukumwa na magurudumu mawili hupoteza asilimia 15 ya nguvu kati ya injini na barabara, na linalosukumwa na yote manne hupoteza asilimia 25. Kadiri ninavyoichunguza kanuni hii ndivyo ninavyozidi kuiona kuwa hesabu ya mkato, na madhara yake huonekana zaidi kwa wale walioziongezea injini zao nguvu.

Tuijaribu kwanza kwa upande wa joto. Chukua Lancer Evolution ambayo injini yake imefikishwa nguvu za farasi 500. Asilimia 25 ya nguvu hizo ni farasi 125, yaani takriban kilowati 93, na kwa kuwa nishati haitoweki, sehemu kubwa ya kilowati hizo ingepaswa kugeuka joto ndani ya giaboksi na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu. Birika la umeme la nyumbani hutumia takriban kilowati 2. Hebu fikiria mabirika zaidi ya 40 yakichemka kwa pamoja ndani ya maboksi ya chuma yenye lita chache tu za oili. Hata tukiondoa sehemu inayoishia kwenye matairi, bado oili hiyo isingestahimili mbio ndefu, ilhali magari haya hukimbizwa kwenye viwanja vya mashindano na kurudi na giaboksi zao zikiwa nzima.

Kosa la kanuni ni kuuchukulia upotevu wote kana kwamba ni wa aina moja. Upo upotevu unaotokana na meno ya gia kusuguana chini ya mzigo, na huo hukua pamoja na nguvu inayopita. Upo mwingine unaotokana na gia kuichapa oili, beringi kuzunguka na sili kukwaruza shafti, na huu hutegemea mwendo na joto la oili. Haujali kama injini ina farasi 200 au 500. Wa tatu ni ule unaotumika kuvipa kasi vitu vinavyozunguka, nao nitaurudia, maana ndio unaowachanganya watu zaidi.

Kwa mfano tu, tuseme gari katika gia ya nne na mwendo fulani hupoteza farasi 25 wa aina ile isiyobadilika, pamoja na asilimia 8 ya nguvu inayopita. Injini ikitoa 280, upotevu ni takriban farasi 47, ambao ni asilimia 17. Injini hiyohiyo ikiongezwa hadi 500, upotevu unakuwa farasi 65, yaani asilimia 13, na magurudumuni hufika 435. Sasa mwenye gari akiigawanya 435 kwa 0.75, anapata 580 na kuondoka na farasi 80 ambao hawajawahi kuwapo popote isipokuwa kwenye karatasi yake.

Lakini hoja ambayo naona wengi hawaipi uzito ni ya difu mbili. Inadhaniwa kwamba gari lenye difu mbele na nyuma hutozwa ushuru mara mbili, kana kwamba nguvu ileile hupita difu ya kwanza kisha ya pili. Kwa Impreza ya giaboksi ya mkono haiko hivyo. Difu ya kati huigawa nguvu, sehemu ikaenda mbele na sehemu nyuma, kila moja ikapitia difu yake. Kama gia za difu hula asilimia 4 ya kinachopita, gari la magurudumu mawili hupitisha nguvu yote katika difu moja na kupoteza 4. Gari la manne lililogawanya nusu kwa nusu hupoteza 2 mbele na 2 nyuma, na jumla inabaki 4. Kinachoongezeka kweli ni gia za kupeleka nguvu nyuma, viungo vya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), beringi na sili za ziada, na boksi la pili la oili ya kuchapwa. Hivyo vingi viko katika aina ya upotevu isiyokua pamoja na nguvu za injini, na hapo ndipo asilimia ya kudumu inapokosa mashiko kabisa.

Mpangilio wa vyuma nao una neno lake. Katika Subaru injini imelala kwa urefu wa gari, na giaboksi, difu ya kati na difu ya mbele zimo katika boksi moja, kwa hiyo njia ya nguvu kwenda nyuma imenyooka. Lancer Evolution injini yake imekaa kwa upana, na nguvu ya nyuma hulazimika kugeuzwa kwa pembe ya digrii 90 kabla ya kuingia kwenye propela, kisha kugeuzwa tena kwenye difu ya nyuma. Nissan GT-R ya R35, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2007 ikiwa na nguvu 480, ina giaboksi nyuma: shafti moja huipeleka nguvu yote nyuma, na nyingine huirudisha mbele sehemu inayohitajika na magurudumu ya mbele. Kuyapachika magari haya matatu asilimia moja ni uvivu.

Turudi kwa vitu vinavyozunguka. Kwenye rola, kipimo kwa kawaida huchukuliwa gari likiwa linaongeza mwendo, na sehemu ya nguvu hutumika kuyapa kasi magurudumu yenyewe. Gurudumu na tairi lake likiwa na inesha (ukinzani wa kuzungushwa) ya takriban kilo 1 mita mraba, magurudumu manne yanayoongeza mwendo kwa kilomita 10 kwa saa kila sekunde hula karibu kilowati 4.8, au farasi 6 na nusu, yanapofika kilomita 150 kwa saa. Mwendo ukiongezeka mara mbili haraka zaidi, nguvu hiyo nayo huongezeka mara mbili, na ndiyo maana gari lilelile hutoa namba tofauti kwenye gia ya tatu na ya nne. Gari la magurudumu mawili linapopimwa, mawili mengine yametulia na hayadai chochote. Barabarani, hata hivyo, nayo huzunguka na kudai sehemu yao. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa upotevu wa magurudumu manne ni tabia ya kipimo tu. Vipimo vinavyofungwa moja kwa moja kwenye habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), rimu zikiwa zimetolewa, huondoa tairi katika hesabu na kusoma juu zaidi, bila gari kubadilika hata kidogo.

Wengine huupata upotevu kwa kutoa namba ya magurudumu katika ile ya kiwandani. Kwa magari ya Japani njia hiyo ina shimo. Kuanzia mwaka 1989, Nissan Skyline GT-R ya R32 ilipotoka, hadi 2004, watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu 280, na baadhi ya injini zilitoka kiwandani zikiwa na zaidi ya zilizoandikwa. Isitoshe, 280 hizo ni za kipimo cha metriki. Kwa farasi wa Kimarekani ni 276.

Kwa wenye magari haya Nairobi kuna tatizo jingine, nalo huenda ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo programu ya kipimo hurekebisha matokeo yalingane na ya usawa wa bahari, kwa kuyazidisha kwa takriban 1.2. Kwa injini isiyo na turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, marekebisho hayo yana haki. Turbo, hata hivyo, huweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, kwa hiyo injini yake hulipwa mara ya pili kwa hasara ambayo haikuipata yote: farasi 300 waliosomwa kwenye magurudumu huwa 360, na wakigawanywa tena kwa 0.75 huwa 480. Mwombe fundi akuchapie namba isiyorekebishwa kando ya ile iliyorekebishwa, pamoja na gia iliyotumika na upepo wa matairi, na ukirudi baada ya kubadilisha turbo au ekzosi, pimia kwenye mashine ileile kwa gia ileile.