Wote walisema injini, kumbe ni shafti

Kila aliyesikia boti yangu ikigonga alihukumu injini. Fundi wa kwanza alisema beringi za krenki, ule mhimili wa ndani ya injini, zimelika, tufungue zote. Wa pili akasema nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Nikazipeleka nozeli zikapimwa na kusafishwa, pesa si haba ikatoka, na mlio ukabaki vilevile: go-go-go nzito chini ya mbao, hasa nikiwa na abiria wa Pate na nimeongeza kasi.

Kilichoniudhi ni kwamba hakuna aliyefikiria kutoa gia. Nilifunga boti gatini Lamu, nikaweka nyutro, nikapandisha injini hadi mwendo uleule unaogonga. Mlio haukusikika. Ingekuwa beringi ya krenki au nozeli, kwa kawaida ingesikika hata bila gia. Na hata ukishuku nozeli, kwa injini ya zamani isiyotumia kompyuta huhitaji kuzing'oa: legeza nati za mabomba yake moja moja injini ikisinzia, na silinda yenye kosa itajitaja, kwa kuwa mlio utapungua. Weka tu mikono mbali, dizeli ile hutoka kwa presha ya kutoboa ngozi.

Nikarudisha gia, nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Bloki safi. Giaboksi safi. Kwenye glandi, pale shafti, mhimili unaozungusha pangaboi, inapotokea nje, mlio ulinijia kama nyundo.

Bamvua ilipofika tukaipweleza boti. Pangaboi halikupinda, zinki ya kukinga kutu imekaza, hakuna mshipi wa wavuvi uliojisokota. Lakini niliposhika shafti na kuiinua, ilicheza ndani ya bushi. Bushi ile ya mpira hulainishwa na maji ya bahari yenyewe, na ukipita Mkanda, njia ya maji kati ya Manda na bara, maji yakiwa haba, mchanga unaingia humo na kuila. Tukatia mpya.

Fundi akataka kunyoosha injini na shafti zikae mstari mmoja papo hapo mchangani, na akafanya hivyo. Maji yalipojaa tukatoka: mlio umepungua, mtetemo upo. Nilijua kwa nini. Boti ya mbao ikilala mchangani mwili wake unakaa vingine. Ikielea mbao zinarudi mahali pake, na injini inafuata. Nikaiacha ielee usiku mzima, tangi limejaa, kisha nikafungua bolti za kaplingi, kiungo cha giaboksi na shafti, na kupima mwanya kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kaplingi ya inchi 4 tofauti isizidi takriban milimita 0.1. Yangu ilikaribia milimita nzima, upande wa chini! Nikazungusha shafti nusu mzunguko, nikapima tena. Mwanya mkubwa ulibaki chini, basi kaplingi haijapinda. Asubuhi yote nikakaza na kulegeza nati za raba za injini, robo kwa robo, hadi fila ikapita sawa pande nne.

Tangu hapo chai haimwagiki kwenye kikombe nikiwa mwendo kasi.

Mlio kama kokoto zinazosagwa nyuma ni jambo jingine: pangaboi linapika mapovu, huenda limechanika ukingo au limejaa makome. Na ekzosi inayopozwa kwa maji ikianza kulia kikavu, usingoje kufika gatini. Zima, tia nanga, kagua kichujio cha maji, kisha fungua pampu uitazame impela, lile gurudumu la mpira linalosukuma maji.